Mti Ulio Karibu na Nyumba Yako: Tambua Dalili za Hatari Kabla ya Mvua

Je, unapanga nyumba au chumba Ntinda, na kuna mti mkubwa uani, nyuma ya ukuta au kando ya njia mnayopita kila siku? Makala hii inaeleza jinsi ya kuukagua mti huo kwa macho yako mwenyewe, dalili ambazo hupaswi kuzipuuza, na hatua ambazo mpangaji anaweza kuchukua hata kama mti si wake.

Kampala ina misimu miwili ya mvua kubwa: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Mara nyingi upepo mkali hutangulia matone ya kwanza. Wakati huo mama yuko nje anaanua nguo, watoto wanakimbilia ndani, na tawi moja zito linatosha kutoboa mabati na kuua mtu aliyelala kitandani.

Baada ya ajali watu husema mti "ulianguka ghafla". Lakini mara nyingi mti huwa umetoa dalili kwa miezi au hata miaka. Tunazikosa kwa sababu tunatazama juu, tunaona majani mabichi, tunaridhika. Dalili nzito zaidi huwa chini: kwenye shina, kwenye mizizi na kwenye udongo.

Mti wa hatari ni upi?

Mti mkubwa si lazima uwe wa hatari, na mti mdogo si lazima uwe salama. Jiulize maswali mawili:

1. Je, mti huu una kasoro inayoweza kuufanya uvunjike au uanguke?
2. Ukianguka, utaangukia nini au nani?

Mti uliooza katikati ya shamba lisilopitwa na watu unaweza kuachwa uanguke wenyewe. Mti wenye kasoro ndogo juu ya chumba wanacholala watoto wanne unahitaji hatua wiki hii. Ndiyo maana ukaguzi huanza na mti, kisha unageuka kutazama kilicho chini yake: vyumba, jiko la nje, choo, kamba za nguo, geti, waya za umeme, mahali watoto wanapochezea.

Kwa nini Ntinda inahitaji uangalifu

Ntinda, katika Division ya Nakawa, ni mtaa unaojengwa upya kila mwaka. Nyumba za chini zinabomolewa, maghorofa yanapanda, kuta za uzio zinajengwa, mitaro inachimbwa, uani panatandazwa saruji. Kila kazi ya aina hiyo inaweza kukata mizizi ya mti ambao ulikuwepo kabla ya wote.

Wengi hudhani mizizi inashuka chini kama nguzo. Sehemu kubwa ya mizizi huwa katika mita moja ya juu ya udongo, na husambaa kwa upana, mara nyingi kupita mwisho wa matawi. Nchini Uingereza, kiwango cha ujenzi kinachoitwa BS 5837 hulinda eneo la mizizi lenye upana wa mara 12 ya unene wa shina, kupima kutoka kwenye shina kwenda kila upande. Kwa shina lenye unene wa sentimita 50, hiyo ni mita 6. Katika plot ndogo ya Ntinda, mita 6 inaweza kuwa uani pote.

Basi fundi akichimba msingi wa ukuta mita moja kutoka kwenye mwembe, amekata miguu ya mti upande huo. Mwembe unaweza kubaki na majani mabichi na kuzaa maembe kwa miaka, kwa sababu mizizi ya upande wa pili bado inaulisha. Lakini mizizi iliyokatwa inaoza polepole, na siku udongo ukilowa sana na upepo ukivuma kutoka upande uliokatwa, mti unang'oka mzima.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza jirani wa siku nyingi au mwenyekiti wa LC1 ni hili: "Hapa palichimbwa lini?"

Dalili 8 za kuangalia, kuanzia chini

Zunguka mti wote. Kasoro iliyo upande wa ukuta huwezi kuiona ukiwa umesimama mlangoni.

1. Udongo uliopasuka au kuinuka. Ukiona ufa kwenye udongo kwa umbo la nusu duara kuzunguka shina, au udongo upande mmoja umevimba kama mtu anayeinua mkeka, mizizi imeanza kuachia. Hii ni dalili ya dharura. Watoe watu kwanza, mazungumzo baadaye.

2. Mti ulioinama hivi karibuni. Miti mingi imeinama tangu ikiwa michanga, ikitafuta jua. Mti wa namna hiyo hujipinda tena kuelekea juu, na shina lake lina umbo la upinde. Wa kuogopa ni ule uliokuwa wima mwaka jana na leo umelala upande, umenyooka kama fimbo iliyoegemezwa. Picha za zamani kwenye simu zinasaidia: tafuta picha ya siku ya kuzaliwa au ya harusi iliyopigwa uani, ulinganishe.

3. Uyoga kwenye shina au juu ya mizizi. Uyoga mgumu uliojitokeza kama kibao au sahani iliyobandikwa kwenye gome, au uyoga mwingi laini kuzunguka shina, unaonyesha kwamba kuvu wanakula mbao za ndani. Kuuvunja na kuutupa hakutibu mti. Unachokiona ni tunda tu. Kuvu wenyewe wako ndani.

4. Pango au uwazi kwenye shina. Mti unaweza kuwa na uwazi katikati na bado ukasimama imara, kama bomba. Kanuni moja inayotumiwa na wakaguzi wa miti inasema mbao nzima iliyobaki pembeni iwe karibu theluthi moja ya nusu ya unene wa shina. Kwa shina la sentimita 60, hiyo ni kama sentimita 10 za mbao nzima pande zote. Kama pango limefunguka nje upande mmoja, au kuna ufa pia, kanuni hiyo haitoshi kukupa usalama. Unaweza kugonga shina kwa kipande cha mti: likilia kama ngoma, ndani kuna uwazi au kuoza. Likikosa kulia hivyo, usihitimishe kwamba ni zima.

5. Shina lililogawanyika kama herufi V. Mashina mawili yenye unene sawa, yaliyobanana na gome likiwa limenaswa katikati, hayakuungana vizuri. Ukiona ufa ukishuka kutoka kwenye pacha hiyo, au maji meusi yakichuruzika, yanaanza kuachana. Pacha iliyo wazi kama herufi U huwa na nguvu zaidi.

6. Matawi makavu na kilele kikavu. Tawi lisilo na majani wakati mengine yana majani litaanguka, swali ni lini tu. Tawi lililovunjika na kunasa juu ya mengine ni baya zaidi, maana halishikwi na chochote. Kilele kinachokauka kutoka juu kwenda chini mara nyingi kinaonyesha shida ya mizizi.

7. Machipukizi mengi juu ya mti uliokatwa kichwa. Hii ni kawaida sana mjini. Mti unakatwa kilele ili "usiwe mrefu", kisha unachipua vijiti kumi mahali pamoja. Baada ya miaka michache vijiti vimekuwa matawi mazito, lakini vimeshikwa na ngozi ya nje tu ya kisiki kinachooza. Mti uliokatwa vibaya zamani unaweza kuwa wa hatari kuliko ambao haukuguswa.

8. Majeraha yanayotokana na sisi wenyewe. Kuchoma takataka chini ya mti huua gome la upande huo. Kumwaga saruji hadi kwenye shina au kulifunika kwa udongo husababisha kuoza. Kubandua gome kwa ajili ya dawa, likizunguka shina lote, huua miti mingi. Mutuba ni tofauti: Waganda wameubandua kwa karne nyingi kutengeneza nguo ya gome, na gome lake huota tena likitunzwa na fundi anayejua kazi. Usichukulie kwamba mwembe au mparachichi utafanya hivyo. Angalia pia unga wa mbao chini ya shina na njia za mchwa zinazopanda juu. Mara nyingi wadudu hao huingia kwenye mbao zilizokwisha kufa.

Miti ya kawaida na tabia zake

*Mparachichi*, ambao wengi kutoka Kongo huuita mti wa avoka: mbao zake ni dhaifu, na matawi hukatika yakilemewa na matunda. Uvunaji wa mapema hupunguza uzito.

*Mfenesi*, unaoitwa ffene kwa Kiganda: tishio kubwa huwa tunda lenyewe. Fenesi moja linaweza kuzidi kilo 20. Kamwe usimlaze mtoto au kuweka benchi chini ya mafenesi yaliyokomaa.

*Mkalitusi*: hukua haraka, hurefuka sana, na unaweza kuangusha tawi zito hata siku isiyo na upepo.

*Kifabakazi*, mti wenye maua mekundu makubwa: mbao zake ni laini, na miti ya zamani mara nyingi huwa na mapango.

*Mgrivilea*: hupandwa sana kwenye mipaka, matawi yake hukatika kirahisi kwenye upepo.

Haya hayamaanishi kwamba miti hii ikatwe. Kivuli chake hupoza nyumba ya mabati, matunda yake yanalisha watoto, mizizi yake inashika udongo kwenye mteremko. Mara nyingi kuondoa tawi moja kavu kunatosha.

Pima: je, mti utafika kwenye chumba chako?

Huhitaji kifaa chochote zaidi ya kijiti kilichonyooka.

1. Nyoosha mkono mbele. Shika kijiti ili sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka ngumi hadi jicho lako. Kukijaribu, kirudishe usoni: ncha iguse karibu na jicho.
2. Simamisha kijiti wima, mkono ukiwa umenyooka.
3. Rudi nyuma polepole ukitazama mti, hadi ncha ya kijiti ilingane na kilele na ngumi yako ilingane na chini ya shina.
4. Hapo uliposimama ndipo kilele kitakapofika mti ukianguka kuelekea kwako.

Kwenye mteremko, kama Ntinda ilivyo sehemu nyingi, kipimo hiki si sahihi kabisa, kwa hiyo ongeza hatua kadhaa. Kama kitanda chako kiko ndani ya umbali huo na mti una dalili mojawapo kati ya zilizotajwa juu, endelea kusoma.

Mti si wangu. Nifanye nini?

Hapa ndipo wapangaji wengi hunyamaza. Mkimbizi anaogopa kuonekana msumbufu, anaogopa kuongezewa kodi au kufukuzwa. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu.

Sogeza watu leo. Huwezi kuusogeza mti, lakini unaweza kusogeza kitanda kwenye pembe ya mbali na mti, kuhamisha jiko na kamba ya nguo, na kuwakataza watoto kucheza hapo. Mvua ya upepo ikianza usiku, lazeni watoto kwenye chumba kilicho mbali zaidi, au kwa jirani.

Piga picha. Moja ya mti mzima pamoja na nyumba, nyingine za karibu za kila kasoro. Rudia kila baada ya wiki mbili kutoka mahali palepale. Ufa unaokua utaonekana.

Mwambie mwenye nyumba kwa maandishi. Ujumbe wa simu wenye picha na tarehe unatosha. Andika kwa heshima na kwa wazi: "Habari mzee. Udongo umepasuka chini ya mwembe ulio nyuma ya chumba namba 3. Tunaomba uje uone kabla mvua haijaanza." Ukimweleza msimamizi kwa mdomo tu, kesho hakuna ushahidi. Kama hamzungumzi lugha moja, sentensi hii ya Kiganda itaeleweka: *Omuti guno gugenda kugwa ku nnyumba*, yaani mti huu unaenda kuangukia nyumba.

Nendeni mkiwa kundi. Wapangaji watano waliosaini ujumbe mmoja ni vigumu kuwapuuza, na hakuna mmoja anayebeba lawama peke yake. Waambieni wapangaji Waganda pia. Mti hauchagui utaifa.

Fikeni kwa mwenyekiti wa LC1. Yeye anamjua mwenye kiwanja, anamjua jirani ambaye mti uko upande wake wa ukuta, na anaweza kuwaita wakae pamoja.

Ofisi ya KCCA, Division ya Nakawa. Hapa ndipo pa kupeleka taarifa kama mti uko kando ya barabara ya umma, au kama mwenye kiwanja hasikii. Pia, kabla ya mtu yeyote kukata mti mzima jijini, aulize kwanza hapo kama kibali kinahitajika.

Mti unaogusa waya za umeme. Toa taarifa kwa UEDCL, shirika la umma lililochukua usambazaji wa umeme kutoka Umeme tarehe 1 Aprili 2025. Mtu mwingine yeyote asiukate, hata kama ana uzoefu.

Kuhusu hofu ya kufukuzwa: Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya Uganda ya mwaka 2022 hairuhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya mahakama. Ukitishwa kwa sababu ya kulalamika, tunza ujumbe wote na utafute ushauri. Refugee Law Project, iliyo chini ya Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Makerere, huwapa wakimbizi msaada wa kisheria Kampala.

Kwa vijana wanaofanya kibarua cha kukata miti

Tunajua kazi hii inalisha familia nyingi. Mwenye nyumba anataja bei ndogo, kijana anapanda na panga bila kamba. Kabla ya kukubali, tazama mti kwa dalili zile zile 8, kwa sababu tawi litakalokuua ni lile unalolikanyaga. Kataa kazi kama:

- kuna waya wa umeme karibu na matawi;
- mti umekauka wote, una pango au udongo wake umepasuka;
- gome limelowa mvua au upepo unavuma;
- hakuna mtu chini wa kuzuia wapita njia.

Mkubaliane pia kabla ya kupanda nani atalipa hospitali ukiumia. Mtu asiyetaka kujibu swali hilo amekwisha kukujibu.

Wakati wa dhoruba, na mti ukishaanguka

Usijikinge mvua chini ya mti, kwa sababu ya matawi na kwa sababu ya radi. Mti ukiangukia nyumba, watoe watu kupitia upande usiobeba uzito wa mti. Ukiona waya umeanguka, chukulia kwamba una umeme: kaa mbali angalau mita 10, usiguse mti, uzio wa chuma wala maji yaliyotuama hapo, na waonye wengine. Piga 999 au 112 kupata polisi na kikosi cha zimamoto na uokoaji. Usianze kukata matawi yaliyojikunja chini ya shina. Yanaweza kuruka kama upinde.

Kama uko kwenye makazi ya wakimbizi

Dalili ni zile zile Nakivale, Kyaka II, Kyangwali au Rwamwanja. Tofauti ni njia ya kutoa taarifa: anza na kiongozi wa RWC wa kijiji chako, kisha ofisi ya OPM ya makazi. Zingatia hasa mikalitusi iliyo karibu na shule na visima, na miti iliyobaki peke yake baada ya mingine kukatwa. Mti uliokulia katikati ya wenzake haujazoea kupokea upepo wote.

Fanya hivi wikiendi hii

Zunguka mti mmoja. Tazama udongo, shina, pacha, kisha matawi. Pima kwa kijiti. Piga picha tatu. Ukikuta dalili yoyote ndani ya umbali wa kuanguka, sogeza kitanda usiku huo huo na utume ujumbe kesho asubuhi. Kazi yote haizidi nusu saa, na ni bora ifanyike jua likiwaka kuliko kusubiri wingu jeusi litokee upande wa ziwa.